Guangzhou mara ya kwanza: tembea, kula, afu ndo ununue

Wengi wetu tukisikia Guangzhou ya China tunawaza kontena tu. Mtu anatoka Dar au Nairobi, anashuka, jamaa yake anampokea anamkimbiza sokoni, siku saba anazunguka na maboksi, akirudi ukimuuliza mji ukoje anakwambia "kuna maghorofa". Mimi safari ya kwanza ilikuwa hivyohivyo. Na hasara haikuwa kutouona mji peke yake, nilipigwa bei pia. Siku ya kwanza kichwa bado kizito na usingizi wa ndege, nikanunua mikoba ya kike yuan 45 mmoja nikajiona mjanja kweli, kesho yake natafuta sehemu ya kula nikapotea nikaingia jengo la pili, mkoba uleule, zipu ileile, hadi kile kikaratasi cha ndani kilekile, yuan 28.

Toka siku hiyo nina sheria moja na ndo nataka uibebe kabla ya hayo mengine yote: siku mbili za mwanzo mkono mtupu. Unatembea, unakula, unauliza bei unapiga picha, hununui hata soksi. Huu hapa mwongozo wenyewe.

1. Kabla hujapanda ndege

Pasi ya Tanzania na ya Kenya zote zinahitaji viza ya China, anza mapema. Tarehe ziangalie vizuri. Maonyesho ya biashara ya Canton Fair, ya hapohapo Guangzhou, yapo toka 1957 na yanafanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili mpaka mwanzoni mwa Mei, afu tena Oktoba mpaka mwanzoni mwa Novemba, kama huendi kwenye maonyesho basi kwepa hizo wiki maana hoteli zinapanda bei vibaya. Kingine cha kukwepa ni Mwaka Mpya wa Kichina, unaangukia mwishoni mwa Januari au Februari, hapo utakuta makufuli tu, wenye maduka wote wamerudi kwao kijijini na wengine hawarudi mpaka wiki mbili tatu zipite. Juni mpaka Agosti ni joto la Dar ya mwezi wa pili ukiongezea mvua, na tufani zinapita mpaka Septemba. Mimi napenda mwishoni mwa Novemba na Desemba, unavaa sweta jepesi tu mambo yanaenda.

Sasa simu, na hapa ndo watu wanaumbuka. Kule intaneti ya kawaida haifungui WhatsApp, wala Google, wala ramani ya Google, Facebook, Instagram, YouTube, vyote hakuna. Wifi ya hoteli haikusaidii. Njia rahisi ni kuwasha rominga ya laini yako ya nyumbani, au ununue eSIM ya wasafiri kabla hujaondoka, data ya laini ya nje inapita kawaida na WhatsApp inafanya kazi. Usisubiri ufike ndo uanze kudaunlodi, kule hata Play Store haifunguki.

Ukiwa bado nyumbani weka apu mbili, Alipay na WeChat, sajili kwa namba yako, afu unganisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard na upigie benki yako uwaambie unasafiri ili wasikufungie kadi. Kule kila mtu analipa kwa kuskani, hadi bibi anayeuza viazi vitamu vya kuchoma barabarani ana karatasi yake ya QR kaining'iniza kwenye toroli. Malipo ya chini ya yuan 200 kwa kadi ya nje huwa hayana makato, ukizidisha hapo wanakata asilimia 3, kwahiyo vitu vidogo lipa kwa simu na mzigo mkubwa lipa kwa keshi. Keshi wanapokea, sheria inawalazimu, shida inakuwa chenji. Dola badilisha Bank of China, beba pasipoti, na ujue noti kubwa kabisa ni ya yuan 100 kwahiyo ukibadilisha hela ya maana unatoka na burungutu, uwe na mkoba wa kufunga kiunoni.

Beba pia adapta maana soketi zao sio zile za pini tatu nene tulizozoea. Na pakiti za tishu, vyoo vingi vya umma havina karatasi. Maji ya kutawazia ndo usahau kabisa, mimi natembea na kichupa kidogo cha plastiki kwenye begi na sioni aibu.

2. Siku ya kutua

Uwanja wa Baiyun una metro, laini namba 3, ila kama umefika asubuhi ya kazi au jioni hiyo treni inajaa, sio kujaa kwa mwendokasi tu, hii unabebwa na watu miguu haigusi chini. Una begi kubwa? Ita DiDi, teksi yao ya kwenye simu kama Uber, ukiwa ndani ya Alipay, inakuwa na tafsiri, na bei unaiona kabla. Wanaokufuata mlangoni "taxi taxi my friend" achana nao.

Wapi ulale. Watu wetu wengi wanashukia mitaa ya Xiaobei au Sanyuanli, na kwa mara ya kwanza sio wazo baya, utakuta chakula cha Kiafrika, wasusi, mawakala wa kargo, utasikia Kiswahili cha Kariakoo na cha Eastleigh na cha Lubumbashi kwenye kona moja. Hoteli inakuandikisha polisi yenyewe. Ila ukifikia nyumbani kwa mtu ni lazima ukajiandikishe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, usikubali mwenyeji akwambie "huku hatujali hayo", ukikaguliwa utakayelipa faini ni wewe. Na Xiaobei ukaguzi upo, tembea na pasipoti yenyewe.

Saa zao ziko mbele yetu kwa saa tano. Ukipiga simu nyumbani baada ya chakula cha usiku huko saa mbili, bongo ni saa tisa mchana, duka lipo wazi. Kitu kingine kidogo kinachosumbua: ghorofa ya chini kwao ni namba 1, kwahiyo mtu akikwambia duka liko 3F ni ile sisi tunayoita ghorofa ya pili. Nilizunguka nusu saa kwa ajili ya hilo.

3. Kutembea: jua laini mbili tu za metro

Nauli inaanzia yuan 2, unaskani mlangoni kwa apu au unanunua kidude cha plastiki cha duara kwenye mashine, unakigusisha ukiingia na ukitoka kinamezwa. Mabegi yanapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kila kituo. Mashine za tiketi zina Kiingereza.

Laini zipo nyingi ila wewe shika ya 1 na ya 2, zinapishana kituo cha Gongyuanqian, na karibu kila kitu cha mji wa zamani kiko juu ya msalaba huo.

Anza na laini ya 2. Shuka Yuexiu Gongyuan, hii bustani ni bure. Humo ndani kuna sanamu ya mbuzi watano ambayo utaiona kwenye kila kitu mjini, hadithi yao ni kwamba zamani kulikuwa na njaa wakashuka watu watano wa mbinguni wamepanda mbuzi watano, kila mbuzi ana masuke ya mpunga mdomoni, ndo maana mji unaitwa mji wa mbuzi. Panda kidogo utafika mnara wa Zhenhai, wa ghorofa tano, ulijengwa 1380. Asubuhi bustani imejaa wazee wanacheza dansi na mazoezi, wengine wanapiga badminton kwa kasi inayotia aibu, mzee wa miaka sabini anakuchosha.

Kwa Waislamu, pembeni tu ya bustani hiyo kuna msikiti wenye kaburi ambalo inasimuliwa ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba. Wanahistoria wanabishana kama kweli alifika China ila hilo halipunguzi watu, nenda Ijumaa, utasali bega kwa bega na Wachina Waislamu wa kabila la Hui, Waarabu, Wasenegali, Wasomali, na nje siku hiyo kuna wauza mishikaki ya kondoo na mikate ya Xinjiang ya kutosha. Msikiti mwingine ni Huaisheng, laini ya 1 kituo cha Ximenkou, huu unahesabiwa kati ya misikiti ya kale kabisa nje ya Uarabuni, mnara wake mweupe wa mita 36 haufanani na mnara wowote uliowahi kuuona, umenyooka kama mnara wa taa wa bandarini. Kama sio Mwislamu utauangalia kwa nje.

Endelea na laini ya 1 kuelekea magharibi. Kituo kinachofuata baada ya Ximenkou ni Chenjiaci, jengo la ukoo wa Chen lililokamilika 1894, kiingilio yuan 10 tu. Koo za Chen kutoka wilaya 72 zilichanga hela zikajenga nyumba ili vijana wao wakija mjini kufanya mitihani ya serikali ya mfalme wapate pa kulala na kusomea. Yaani ni hosteli, ila angalia paa, ile mistari ya juu imejaa vinyago vya udongo vya watu, ndege, simba, majumba, mchezo mzima wa kuigiza uko juu ya vigae. Mitihani yenyewe ikafutwa 1905, hosteli ikakosa kazi haijafikisha hata miaka kumi na mbili.

Baada ya hapo Changshou Lu, kuna mtaa wa watembea kwa miguu wa Shangxiajiu, kula huko, nitarudi. Afu Huangsha, unavuka daraja dogo unaingia kisiwa cha Shamian, hapa walikaa Waingereza na Wafaransa baada ya vita vya kasumba, yaani afyuni, miti mikubwa, nyumba za zamani za kikoloni, hakuna kelele. Ukitembea jioni pale utakuta maharusi wanapigwa picha kila baada ya mti. Mtu wa Stone Town au wa Mji wa Kale Mombasa atajisikia nyumbani kidogo ila pamesafishwa mno.

Kanisa la mawe, Shishi, usiliruke hata kama sio mkristo. Liko Yide Lu, lilijengwa 1863 mpaka 1888, granaiti tupu, na ukisimama mbele yake ukaangalia ile minara utakumbuka Minara Miwili ya Zanzibar mara moja. Jumapili mchana kuna misa ya Kiingereza na kwaya inakuwa na Waafrika wengi. Limezungukwa na maduka ya jumla ya midoli na dagaa wakavu, harufu ya kamba na pweza mkavu inaingia mpaka kanisani.

Usiku mmoja utenge kwa ajili ya upande mpya. Kutoka Xiaobei panda laini ya 5 moja kwa moja mpaka Zhujiang Xincheng, vituo sita. Unatokea uwanja wa Huacheng, pembeni makumbusho ya Guangdong na jumba la opera alilochora Zaha Hadid, mbele ng'ambo ya mto ndo mnara wa Canton Tower, mita 600, umebanwa katikati wenyeji wanauita kiuno chembamba, sisi tungeuita kiuno cha nyigu. Kupanda juu ni hela na foleni, maoni yangu usipande, ukiwa juu yake huuoni, na wenyewe ndo kitu cha kuangalia. Kaa chini kando ya mto bure. Na kama unataka kupanda boti, zile za watalii zina bei, ila kuna boti za abiria za kawaida, unavuka mto kwa yuan chache kama unavuka pantoni kwenda Kigamboni, upepo ni uleule.

4. Kula

Hapa nikae kidogo maana wenzetu wengi wanakaa Guangzhou wiki nzima wanakula kuku wa kukaanga wa franchaizi. Huu ni mji ambao Wachina wenyewe wanausifu kwa chakula, jamani.

Kitu cha kwanza ni chai ya asubuhi. Kikantoni wanaita yum cha, kunywa chai, ila chai ni kisingizio, unachokula ni vidude vidogo vidogo vinavyokuja kwenye vikapu vya mianzi vinafuka moshi. Migahawa ya zamani kama Taotaoju iko maeneo ya Shangxiajiu, na mikubwa inakuwa na foleni ya wazee toka saa moja asubuhi. Unakaa, unachagua aina ya chai, chai inalipiwa kwa kichwa. Wanakuletea vyombo, bakuli kubwa tupu na birika la maji ya moto, mara ya kwanza nilijimiminia nikanywa. Mzee wa meza ya pili akacheka mpaka akaweka gazeti chini, akanisogelea akanionyesha: yale ni ya kusuuzia vyombo. Unaweka kikombe ndani ya bakuli lako dogo, unamwagia, unazungusha vijiti humohumo, afu maji unayamwaga kwenye lile bakuli kubwa. Akanimiminia chai ya kweli, halafu akagonga meza na vidole viwili, tok tok, akaniangalia anasubiri. Nikagonga na mimi. Ndo asante yao. Wanasema mfalme Qianlong alikuwa anatembea kwa kujificha akamimina chai kwa mtumishi wake, mtumishi hawezi kupiga magoti mbele za watu akamtoboa, akapigisha magoti vidole. Birika likiisha maji usiite mtu, weka mfuniko kaupande utaona wanakuja kujaza.

Agiza har gow, kamba ndani ya unga mweupe unaoona mpaka ndani. Agiza cheung fun, chapati laini ya mchele imekunjwa na kamba au yai inamwagiwa soya. Miguu ya kuku jaribu, mtu aliyekula utumbo na kongoro haogopi miguu ya kuku, ni laini inateleza mfupa unautema. Maandazi meupe yenye nyama nyekundu ya utamu ndani ni nguruwe, na siu mai pia mara nyingi ina nguruwe.

Kwa hilo la nguruwe, sikia vizuri wewe usiyekula. Kule neno "nyama" likiandikwa peke yake maana yake ni nguruwe, ng'ombe na kondoo ndo wanatajwa kwa jina. Na mboga zinaweza kuwa zimekaangwa kwa mafuta yake. Sema "wo bu chi zhurou", sili nguruwe, ila sehemu ya uhakika ni ile yenye maandishi haya mlangoni: 清真, qingzhen, ndo halali. Yapo mengi kuliko unavyodhani. Migahawa midogo ya tambi za Lanzhou iko karibu kila mtaa, wenyewe ni Waislamu wa kaskazini magharibi, kofia nyeupe, na utamwona kijana anachukua donge la unga anavuta mikono yote miwili, anakunja, anavuta tena, mara saba hivi donge limekuwa tambi zaidi ya mia, anatupa kwenye sufuria. Bakuli moja la supu ya ng'ombe nimekuwa nalipa yuan 15 mpaka 20 na linashibisha mtu wa mizigo. Kama hutaki pilipili sema "bu la". Maana pilipili yao sio ya kuchezea.

Kando ya hapo: shuangpinai, maziwa ya nyati yaliyoganda yana utando juu, ya moto au baridi, ni tamu. Liangcha, dawa ya mitishamba inauzwa kwenye vibanda kwa kikombe, chungu kama mwarobaini, wenyewe wanakunywa kupunguza joto la mwili, ni ya kujaribu mara moja basi. Mwezi wa sita lichi zinajaa mitaani, binamu yake shokishoki ila bila nywele. Ila ukinunua matunda angalia, bei imeandikwa kwa jin, na jin ni nusu kilo, sio kilo. Usije ukaanza kugombana na muuzaji kama mimi nikidhani kanizidishia mara mbili.

5. Kununua, sasa ruksa

Siku ya tatu. Unajua bei, unajua njia, umeshiba.

Jua kwanza masoko yamegawanyika kwa bidhaa, hakuna Kariakoo moja yenye kila kitu. Nguo, nenda Baima na majengo yaliyoizunguka stesheni kuu ya treni, laini ya 2 au ya 5, ubora wa kati na juu kidogo. Pembeni hapohapo Zhanxi Lu kuna saa na viatu. Nguo za kike za fasheni, Shisanhang, jina lenyewe maana yake nyumba kumi na tatu za biashara, toka 1757 mpaka 1842 mzungu akitaka kufanya biashara na China kwa bahari alikuwa hana mlango mwingine zaidi ya hapo. Nguo za bei ya chini kabisa ni Shahe, hao wanafungua kabla hakujapambazuka na ukifika saa nane mchana wanafagia. Mikoba na mabegi ni Sanyuanli kwenye masoko ya ngozi. Vitambaa ni Zhongda, laini ya 8, nenda na sampo ya kitambaa mkononi la sivyo utazimia kwa ukubwa wake. Midoli, mapambo ya harusi na ya bethdei, vifaa vya shule ni Yide Lu. Fanicha na vigae sio Guangzhou, ni Foshan, mji wa jirani, metro inafika.

Ukiingia dukani wanakupima. Ukiuliza "hii bei gani" moja moja wewe ni rejareja, unapewa bei ya mtalii. Sema kwa Kichina "na huo", maana yake nachukua mzigo, uso unabadilika, anakuuliza ngapi. Na hapo ndo kikokotoo kinatoka. Anaandika 38, anakusukumia. Wewe usiseme kitu, futa, andika 25, msukumie. Atashika kichwa, ataita mungu wake, ataandika 35. Wewe andika 27 afu anza kufunga begi lako taratibu. Kwenye masoko ya jumla usitegemee kushusha kwa nusu, hawa faida yao ni ndogo, ukipata asilimia kumi mpaka thelathini umefanya kazi. Punguzo la kweli linatoka kwenye idadi. Nusu kwa nusu na zaidi ni kwa wale wa mitaani wanaokunong'oneza "copy watch", na hao nakwambia achana nao: mzigo wa nembo bandia ukifika Dar FCC, Tume ya Ushindani, wanauchoma, na Kenya nao wana mamlaka yao ya kazi hiyohiyo.

Jifunze namba za vidole, watu wanajichanganya hapa. Moja mpaka tano ni kama sisi. Sita ni dole gumba na kidole cha mwisho vimenyooka, kama unapiga simu. Nane ni gumba na cha shahada, kama bastola. Niliwahi kuonyeshwa hiyo nikadhani ni mbili nikafurahi kweli bei ni 20, kumbe 80. Na utasikia wanasema "neige neige" kila dakika, ukidhani unatukanwa wewe mweusi, hapana, ni "ile... ile..." mtu anatafuta neno, tulia.

Saizi zao ni ndogo. L yao ni M yetu, kwa dada zetu wenye maumbile ndo kabisa, uliza kipimo kwa sentimita. Kujaribu nguo kwenye masoko mengi ya jumla hairuhusiwi, na kurudisha hakuna.

Kabla hujalipa fanya haya, usione uvivu. Chukua kadi ya duka, piga picha ya namba ya duka na ghorofa maana hayo majengo ni mapango, kesho hulioni tena. Muunge mtu wa duka WeChat hapohapo mbele yake. Uliza kama mzigo ni "xianhuo", yaani upo stoo, au ni oda ya kiwandani ya kusubiri siku kumi na tano wakati wewe unaondoka Alhamisi. Kama ni oda, toa advansi ya asilimia 30, chukua sampo moja uisaini kwa kalamu na yeye asaini, hela iliyobaki unamalizia ukishafungua maboksi ukalinganisha. Nilimfahamu mtu alilipa yote mkononi kwa sababu muuzaji alimnunulia chakula cha mchana. Alichopokea Dar kilikuwa rangi nyingine.

Kargo za baharini zinahesabu kwa CBM, yaani mita za ujazo. Usiwaachie wapime peke yao, nunua futi. Urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa milioni moja. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 ni 0.12, kwahiyo maboksi manane ni karibu CBM moja. Ukiwa na hiyo hesabu kichwani unajua kabla hujanunua kama midoli mikubwa ya bei rahisi itakulipa, mara nyingi hailipi, unasafirisha hewa. Meli hesabu mwezi na zaidi. Vitu vidogo vyepesi vyenye faida peleka kwa ndege kwa kilo.

6. Siku ya kurudi

Pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, sio la kupakia. Na kama una ndege ya ndani ya China, tuseme unapitia Yiwu, toka 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na 3C, alama ya usalama ya China, wanakunyang'anya getini, angalia yako kabisa.

Toka hoteli masaa manne kabla ya ndege, matano kama ni jioni ya kazi, na usithubutu ile laini ya 3 na mabegi mawili. Afu ukiwa Yide Lu nunua ile mizani ndogo ya mkononi ya kupimia begi, bei yake ni ya chapati mbili. Pima chumbani, sio kaunta. Usiku wa mwisho mlango wako utagongwa na kila Mtanzania na kila Mkenya wa hiyo ghorofa anaulizia mizani, mwambie kila mtu airudishe, maana mimi ya kwanza sijaiona mpaka leo.